Mfuko wa Kuwatazama Watoto Wanaotazama

Hii si nchi yenu. Tuelewane hapo mwanzo kabisa, kabla hamjanitia matatani. Nchi ninayoisimulia haina jina. Jina lake lilipelekwa kufanyiwa marekebisho na halijarudi mpaka leo. Iko mbali, ng'ambo ya mipaka yenu yote, na kama yupo msomaji atakayeona humu kitu anachokifahamu, kosa ni la macho yake, akapimwe.

Jambo la pili: katika nchi yetu hakuna mtu anayeogopa. Neno lenyewe liliondolewa kwenye matumizi kwa tangazo la serikali. Mtu akitetemeka mbele ya askari tunasema ana heshima ya magoti. Akikosa usingizi, ana uzalendo wa usiku. Mimi mwenyewe nina heshima nyingi mno: ninayo ya tumbo, ninayo ya viganja, na siku za mikutano hunijia ile inayomfanya mtu aombe ruhusa kwenda msalani.

Kiongozi wetu anaitwa Mlezi wa Taifa. Hakuchaguliwa, maana mtoto hamchagui mlezi wake, huzaliwa akamkuta. Kila jioni kabla ya chakula hutokea kwenye televisheni katika kipindi cha watoto kiitwacho Babu Anasema. Hukaa kwenye kiti cha bembea, kavaa sweta, akawasimulia wadogo hadithi. Kuna sungura aliyependa kuuliza maswali, basi akawa supu. Kuna kuku aliyetaka kujua mayai yake yanapelekwa wapi, naye akawa supu. Hadithi zake zote huishia jikoni. Sheria inataka kila nyumba yenye televisheni iwashe kipindi hicho, tena sauti isikike mpaka barabarani, ili balozi wa mtaa akipita aisikie na aridhike.

Siku moja, akinywa chai na mawaziri wake, Mlezi aliuliza, "Hivi wale watoto wananielewa?"

Waziri wa Usikivu, Mheshimiwa Kondo, aliangusha kikombe. Swali lile halikuwa na jibu la salama. Akisema wanaelewa, ataulizwa amejuaje. Akisema hawaelewi, hataulizwa tena kitu maishani. Akafuta chai kwenye suruali yake, akasema, "Mtukufu, jambo hilo tulikuwa tunaliundia mfuko."

Kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Swali likikosa jibu, linaundiwa mfuko.

*

Mimi ni karani wa mfuko huo. Unaitwa Mfuko wa Taifa wa Kugharimia Utafiti wa Namna Watoto Wadogo Wanavyojifunza kwa Vyombo vya Habari. Waliojaribu kulitaja jina hilo kwa pumzi moja walilazimika kukaa. Sisi tunasema Mfuko tu.

Fedha za Mfuko zilitumika vizuri sana. Sehemu kubwa ilitumika kuuzindua: mahema, kofia, fulana, na khanga zenye picha ya mtoto mchanga anayepiga saluti. Iliyobaki ilinunua televisheni moja kubwa ya utafiti, ambayo Mheshimiwa Kondo aliihifadhi sebuleni kwake ili isiibiwe. Kilichobaki baada ya hapo kilikuwa nauli ya mtafiti.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alinguruma siku ya uzinduzi, kipaza sauti kikilia naye. "Wapo watu, tena wenye shahada, wanaodhani kutafiti ni kutafuta! Nani anatafuta? Anatafuta aliyepoteza! Serikali hii imepoteza nini? Haijapoteza hata sindano! Matokeo tunayo! Yamechapwa! Yana jalada gumu la bluu! Kinachotakiwa sasa ni mtafiti mzalendo wa kuyafikia!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Matokeo yenyewe niliyachapa mimi. Yalisema kwamba mtoto wa nchi yetu, tangu hajaota meno, hujifunza upendo, utii na adabu kwa kumtazama Mlezi kwenye kioo, na kwamba maziwa ya mama nayo husaidia kidogo.

Mtafiti aliyeteuliwa alikuwa Dokta Ngwilizi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kwa miaka mingi alikuwa akiomba ufadhili wa kujua jambo dogo tu: mtoto wa miaka miwili au mitatu, akioneshwa kitu kwenye televisheni, anakielewaje? Maombi yake yalikuwa yakirudishwa kila mara kwa sababu hayakuambatanishwa na matokeo. Safari hii matokeo yalikuwapo, kwa hiyo akakubaliwa.

"Mheshimiwa," alimuuliza Waziri ofisini, nami niko pembeni naandika, "kama matokeo yapo, mimi nafanya nini?"

"Unafanya utafiti, Daktari. Hatuwezi kuwa na matokeo bila utafiti. Hiyo ni kanuni ya sayansi."

"Na televisheni ya utafiti?"

"Ipo salama."

"Naweza kuitumia?"

"Daktari, nimeshakwambia ipo salama."

Basi, kwa kukosa televisheni, Dokta Ngwilizi akaanza kuzunguka majumbani mwa watu, akikaa nao sebuleni saa ya Babu Anasema. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angeachiwa ile ya Waziri, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

*

Sasa niwaambie kuhusu kitambaa. Kwetu hakuna televisheni isiyo na kitambaa chake, cheupe, kilichofumwa kwa mkono, kimetandazwa juu na ncha yake ikining'inia kidogo mbele. Ikizimwa, kitambaa hushushwa mpaka chini. Ikiwashwa, hupandishwa. Mwanamke anayeacha televisheni yake wazi husemwa mtaa mzima.

Na kitambaa cheupe kwetu kina kazi nyingine. Mtu akikata roho, jambo la kwanza, kabla hata ya kilio, ni kumfunika uso kwa kitambaa cheupe kilicho safi. Hata watoto wanajua, wameona. Ndiyo maana hakuna anayeshusha kitambaa kwenye kioo chenye sura ya mtu.

Isipokuwa mume wangu.

Baba Chiku alikuwa mwalimu wa jiografia. Aliachishwa kazi kwa ajili ya ramani: alichora kijiji alikozaliwa Mlezi kwa ukubwa wake wa kweli. Tangu siku hiyo yuko nyumbani. Kila jioni huwasha televisheni kama sheria inavyotaka, akapandisha sauti kama sheria inavyotaka. Kisha Mlezi akitokea na sweta lake, Baba Chiku huinuka taratibu, akashusha kitambaa juu ya ile sura, na kusema kwa sauti ya chini, sauti ya kumwambia mgonjwa, "Haya, mzee, pumzika. Umechoka." Halafu hurudi kitini kula karanga zake.

"Baba Chiku, utatuua," nilimwambia mara ya kwanza, huku nikikimbilia dirisha.

"Sheria imetaja sauti, mama. Sura haikutajwa."

Nilipatwa na heshima hadi meno yakagongana. Lakini mwanadamu huzoea. Baada ya siku chache nilianza kucheka, kicheko cha kuziba mdomo na kiganja, mabega yanacheza. Siwafichi, kilikuwa ndicho kicheko pekee nilichokuwa nacho kwa siku nzima. Na binti yetu Chiku, wa miaka mitatu, aliyebatizwa jina hilo na bibi yake kwa sababu ya domo, alikuwa akinitazama mimi nikicheka, naye akacheka mpaka akaanguka chini.

Jioni moja tukasikia hodi. Alikuwa Dokta Ngwilizi.

"Nimekuja kumwangalia mtoto anavyoangalia," alisema. "Fanyeni kama siku zote."

Tulikaa wima kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Baba Chiku alibana mikono katikati ya magoti ili isije ikamponyoka. Sauti ikapanda, sweta likatokea, na hakuna aliyejitikisa. Mlezi akaanza habari ya mbuzi mmoja mdadisi. Nikamshukuru Mungu.

Ndipo Chiku alipoinuka. Aliburuta kigoda mpaka kwenye televisheni, akapanda, akashusha kitambaa kwa mikono miwili. "Haya, mjee, pumjika," alisema. "Umechoka." Kisha akageuka, macho yote kwangu, akingoja kicheko chake.

 Nyuma ya kitambaa mbuzi alikuwa anawekwa sufuriani. Dokta Ngwilizi alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akatazama kitambaa kwa muda.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Nani kafuma?"

"Mama yangu," Baba Chiku alijibu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

"Ana mkono mzuri."

Alikunywa chai yake mpaka chini. Nilipomsindikiza mlangoni alinishika kiwiko. "Umeona alivyogeuka? Wote wanageuka. Nimeingia nyumba nyingi sasa. Yule wa kwenye kioo ni picha tu. Mtoto akitaka kujua picha ile ni kitu gani, anaangalia uso wa mama yake."

"Daktari, utaandika hayo?"

"Matokeo yameshaandikwa, mwanangu," alisema. "Yana jalada la bluu." Akaenda zake.

*

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini Mlezi alipoletewa lile jalada la bluu hakulifungua. Alisema anataka kumwona mtoto mmoja, aliye hai, akijifunza mbele yake.

Mheshimiwa Kondo alituita wote wa Mfuko. Jasho lilikuwa linamtoka masikioni. "Kinatakiwa kitoto," alisema. "Cha kuaminika. Wa kwangu wako ng'ambo kwa masomo." Macho yake yakatambaa kutoka meza hadi meza, yakafika kwangu, yakakaa. "Wewe unacho."

"Ana mafua, Mheshimiwa."

"Atapona Alhamisi."

Nilisema ni heshima kubwa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema kweli.

Mnipe nafasi niwaeleze kwa nini. Mtaani kwetu alikuwapo mwalimu wa kwaya, Maestro Fungameza, aliyekohoa katikati ya wimbo mbele ya Mlezi. Kikohozi cha kawaida, cha vumbi. Siku hizi nyumba yake inakaa watu wengine, na sisi majirani tunakumbuka vizuri kabisa kwamba ndio waliokuwapo siku zote. Alikuwa na mapacha. Baiskeli yao ya magurudumu matatu bado iko uani, na hakuna anayejua ilifikaje pale.

Kikohozi tu. Sasa mtu amfunike uso?

Jioni ile ile tulianza kazi ya kumfundisha Chiku kusahau. Tulificha kitambaa juu ya kabati. Akachukua foronya. Tukaficha foronya, akachukua fulana ya Mfuko, akamfunika Mlezi kwa yule mtoto mchanga anayepiga saluti. Tukaondoa nguo zote, akaja na sufuria, akasimama akiikinga mbele ya kioo kwa mikono iliyonyooka. Baba Chiku akajaribu kupiga makofi mbele ya televisheni ili mtoto aige. Alipiga makofi na machozi yanamtiririka, mtu mzima na shahada yake. Chiku aliona ni mchezo mpya mzuri. Alipiga makofi naye, kisha akaenda kumfunika.

"Ni vibaya, mwanangu," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Babu hapendi."

"Babu kachoka," alinielimisha. "Kila siku anasema, kila siku anasema."

Jumanne nilimwendea Dokta Ngwilizi. Ofisi yake ilikuwa stoo, kati ya maboksi ya kofia za uzinduzi. Nilipiga magoti juu ya kofia. "Daktari, wewe ndiye unayejua wanavyojifunza. Nifundishe wanavyosahau."

"Simama, mama, simama." Alinikalisha kwenye boksi. "Hawasahau kwa kuambiwa. Ipo njia moja. Mtoto akifika mbele ya kitu, anageuka kukutazama. Ukicheka, anaendelea. Ukiogopa, anasimama."

Alilitamka lile neno, hivi hivi, mchana. Nikatazama mlango.

"Mimi siogopi, Daktari."

"Ndiyo shida. Uso umeukaza siku zote, hajawahi kuona kilicho ndani. Siku akikiona atasimama, nakuhakikishia. Ila kitaingia naye mpaka kwenye mfupa, na namna ya kukitoa siijui. Niliomba fedha za kulichunguza hilo, wakaninyima."

"Angekuwa wako, ungefanyaje?"

"Wangu ningempakia kwenye basi la kwanza."

"Basi la kwenda wapi?"

Alishika kamba ya miwani yake, akaivuta, akaiachia. 

Nilipomsimulia Baba Chiku aliweka chini sahani ya karanga. "Hapana," alisema. "Nchi nzima hii, kuanzia yule mwenye sweta mpaka mimi, mtu asiyeogopa ni mmoja tu, na yuko pale anakula ugali kwa mikono miwili. Usimwonjeshe."

"Na wakimchukua?"

"Usimwonjeshe, Mama Chiku. Nakuomba."

Nikaapa. Tulikubaliana kuomba tu kwamba ukumbini hapatakuwa na nguo ya kushika. Nilimvalisha gauni lisilo na mkanda, nikamvua hata kilemba.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa tangu mapema. Walinzi walikuwa kwenye kila mlango, na kwenye madirisha, na mmoja chini ya jukwaa, tulimwona viatu. Mimi niliwekwa safu ya mbele. Baba Chiku, kama mzazi wa mtoto wa taifa, aliwekwa nyuma kabisa.

Televisheni ya utafiti ilikuwa imeletwa kutoka sebuleni kwa Waziri, nayo ilisimama katikati ya jukwaa. Nilipoiona nilishika kiti kwa mikono miwili. Ilikuwa imekuja na kitambaa chake. Cheupe, kipana, cha nyuzi za hariri, kikubwa kuliko cha kwetu mara mbili. Mke wa Waziri alikataa katakata televisheni yake ipelekwe mbele za watu kichwa wazi.

Mlezi aliingia, tukasimama, akakaa, tukakaa. Ana kwa ana ni mdogo kuliko alivyo kwenye kioo. Alivaa lile lile sweta, na alipumua kwa kelele, kama mzee yeyote aliyepandishwa ngazi. Kiti chake kiliwekwa hatua chache tu kutoka kwenye televisheni.

"Mtukufu!" Mheshimiwa Kondo alianza. "Leo sayansi itapiga magoti! Utamwona mtoto, asiyejua kusoma, asiyejua kuandika, asiyejua hata kufunga viatu, akijifunza kutoka kwako kama mche unavyojifunza kutoka kwa jua! Washeni!"

Wakawasha. Sweta likatokea kwenye kioo. Chiku, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti kirefu cha Mfuko, aliteremka kwa tumbo. Nilisema moyoni, asikione. Nilisema, mafua, mafua yarudi sasa hivi. Alikwenda moja kwa moja, akapanda kwenye kibao cha chini cha meza, akavuta kile kitambaa cha hariri mpaka kioo chote kikafunikwa.

"Haya, mjee, pumjika," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka nyuma. "Umechoka."

  Hakuna aliyethubutu kumtazama jirani yake, maana kila mmoja alijua mwenzake ameelewa.

"VUMBI!"

Ni Mheshimiwa Kondo. Alikuwa mweupe midomoni lakini mkono wake ulikuwa juu. "Vumbi, Mtukufu! Mmeona wenyewe! Mtoto analinda sura ya Mlezi isiguswe na vumbi! Anamtaka apumzike kwa kazi nyingi anazotufanyia! Nani kamfundisha? Televisheni!"

Tulipiga makofi kwa nguvu ya watu waliotolewa kisimani. Mlezi aliwaza. "Vumbi," alisema pole pole. "Ni kweli, nyumba zao zina vumbi. Kuanzia leo kila nyumba inifunike."

"Iandikwe!" Mheshimiwa Kondo alipiga kelele, na mimi nikaandika. Nilikuwa nalia kwa furaha. Tulikuwa tumepona.

Lakini Chiku alikuwa bado hajamaliza. Amezoea kwamba ukimfunika haonekani tena. Sasa aligeuka, akamwona mzee yule yule, sweta lile lile, amekaa kwenye kiti nje ya televisheni. Alishangaa kidogo, kisha akacheka.

"Mama! Yupo na huku!"

Akakivuta kile kitambaa kutoka kwenye kioo, kikateremka chote mikononi mwake, akaanza kumwendea Mlezi akikiburuta sakafuni.

Hapo hapakuwa na vumbi tena.  Mlinzi aliyekuwa karibu na kiti alipeleka mkono kiunoni. Nyuma kabisa nilisikia kiti kikianguka, nikajua ni Baba Chiku amesimama. Chiku alifika mbele ya magoti ya Mlezi. Alikusanya kitambaa, akakiinua kwa mikono miwili mpaka usawa wa kifua cha yule mzee, na yule mzee akarudisha kichwa nyuma. Niliona macho yake. Alikuwa anaogopa. Alikuwa anamwogopa mtoto wa miaka mitatu aliyeshika kitambaa.

"Haya, mjee," Chiku alisema. Kisha, kama wote wanavyofanya, akageuka kunitazama.

Niliapa, najua niliapa. Nilikuwa na ule uso wangu wa ofisini, wa tabasamu lililokazwa, umekaa tayari, na huo anaujua kuwa ni ruhusa. Mkono wa mlinzi ulikuwa umeshafika kwenye silaha. Nikauachia uso. Niliacha kila kitu kitoke: Maestro na kikohozi chake, baiskeli iliyoko uani, kila gari lililowahi kupunguza mwendo nje ya dirisha letu. Sijui nilionekanaje, sikuwa na kioo. Chiku ndiye aliyeona.

Kicheko kilimwisha taratibu, kikaanza kuondoka machoni. Alitazama pembeni, labda apate uso mwingine wa kumsaidia. Akamtazama Waziri, akamtazama mlinzi, akatazama safu yote ya mbele, na kwa dakika ile wote tulikuwa tumesahau kujikaza. Kote alikogeuka alikuta kitu kile kile. Kitambaa kikamwanguka.

Halafu akaviweka viganja vyake pamoja, akapiga makofi. Alipiga peke yake, vikofi vidogo, huku mkojo ukimshuka miguuni.

Mlezi alitoa pumzi, na uso wake ukafunguka. "Huyu," alisema, "amenielewa." Akamgeukia Dokta Ngwilizi. "Daktari. Kajifunza kwa televisheni, siyo?"

Dokta Ngwilizi alisimama. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena.

"Mtukufu," alisema, "sote tuliomo humu tumeona alikojifunzia."

"Vizuri sana. Mfuko uongezwe."

*

Mfuko umeongezwa. Sasa tuna jengo letu, na televisheni mpya za utafiti zinahifadhiwa katika sebule za mawaziri wote. Mheshimiwa Kondo alipewa nishani ya Vumbi, daraja la kwanza. Dokta Ngwilizi alipandishwa cheo, akapelekwa kutafiti utazamaji wa watoto kwenye kisiwa kisicho na watoto wala umeme. Kabla ya kuondoka alipita stooni kuchukua mwavuli wake. Alinishika kiwiko kama ile siku, akaenda.

Na amri ya kitambaa inatekelezwa. Kila jioni kabla ya chakula, katika nchi yangu yote, sweta likitokea, watu wazima husimama na kumfunika Mlezi uso kwa kitambaa cheupe kilicho safi, kwa mujibu wa sheria. Balozi wa mtaa hupita akikagua. Wasiofunika hutozwa faini. Wapo wanaonong'ona maneno fulani wakati wa kufunika, mimi sijayasikia.

Ungedhani Baba Chiku ndiye mwenye furaha kuliko wote. Jioni ya kwanza ya amri aliinuka kwa madaha, kitambaa cha mama yake mkononi, akanikonyeza. "Leo ni halali, mama," alisema.

Chiku alimrukia. Alikinyakua kitambaa, akakificha chini ya mkeka na kukikalia. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa wima, akaanza kupiga makofi. Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu zangu zote, kile kicheko cha zamani, kiganja mdomoni, mabega yanacheza. Chiku alikikagua kicheko changu kama muuza duka anavyokagua noti. Kisha akanirudishia tabasamu, na nililijua mara moja. Lilikuwa langu, lile la ofisini.

Siku hizi hasemi sana. Wageni wanamsifu, wanasema tumemlea vizuri. Baba Chiku hali tena karanga. Jioni tunakaa watatu, kimya, sauti inasikika mpaka barabarani, na mtoto hauachii uso wangu hata kidogo, naye akitaka kujua kama leo kutakuwa salama.

Lakini nimeshawaambia, hii si nchi yenu. Kwenu, nadhani, watoto wakikaa mbele ya televisheni huitazama televisheni.